Mashine za milimita 35 kwa gitaa la nailoni: ipi ya kununua, na namna ya kuifunga

Gitaa la nyuzi za nailoni hutambulika kwa kichwa chake: mifereji miwili mirefu iliyotobolewa kutoka mbele hadi nyuma, na ndani ya kila mfereji rola tatu nyeupe zinazozungushiwa nyuzi. Rola hizo hushikwa na bamba la chuma lililofungwa ubavuni mwa kichwa, kwa kawaida kwa skrubu nne, na nyuma ya kichwa vinachungulia vishikio vya kukazia. Mabamba mawili, rola sita, skrubu nane: hiyo ndiyo seti moja ya mashine za kukazia nyuzi.

Seti hizi zipo za kila bei, kuanzia zisizo na jina zinazouzwa ndani ya mfuko wa plastiki hadi zile za Rodgers wa Uingereza, ambazo seti moja hupita bei ya gitaa zima la Yamaha C40. Kwa gitaa la kujifunzia, au la kanisani linalopigwa kila Jumapili, hukumu itolewe mapema: Gotoh ya Japani ya daraja la chini inatosha. Isiyo na jina inakubalika ikipita majaribio yaliyoelezwa hapa chini. Fedha za zaidi ya hapo zina kazi nyingine kwenye gitaa hilohilo. Lakini kabla ya bei kuna vipimo, na kabla ya vipimo kuna swali la kama mashine ndiyo yenye kosa.

Je, ni mashine kweli?

“Gitaa halikai tyuni” ndiyo lawama ya kawaida, na mara nyingi mashine inasingiziwa. Ndani yake kuna fimbo fupi yenye hesi inayosukuma meno ya gia, na mpango huo hupeleka nguvu upande mmoja tu: kishikio huzungusha rola, lakini rola haiwezi kuzungusha kishikio. Uzi uvute utakavyo, gia nzima hairudi nyuma yenyewe. Kwa hiyo sauti ikishuka huku kishikio kiko palepale na gia haichezi, kosa litafutwe kwingine.

Anza kwenye daraja, kile kipande kilichogundishwa kwenye ubao wa mbele ambako nyuzi hufungiwa. Nailoni inateleza, na uzi wa kwanza uliofungwa kwa mzunguko mmoja badala ya miwili au mitatu huchomoka kidogokidogo. Halafu kuna upya wa nyuzi zenyewe: nailoni mpya hunyumbuka kwa siku kadhaa kabla ya kutulia, na hakuna mashine duniani inayoweza kuizuia. Mwisho angalia mfupa, kile kipande chembamba chenye vijia sita kinachotenganisha kichwa na shingo. Kijia kikiwa kimebana, uzi hunasa. Unakaza, sauti haipandi, kisha inasikika “tik” na sauti inaruka na kupita pale ulipokuwa unapataka. Hiyo si gia. Sugua risasi ya penseli laini ndani ya kijia, na kama haitoshi, kipanue kwa msasa mwembamba uliozungushiwa kipande cha uzi uleule. Ikipona, umeokoa bei ya seti.

Mashine ina kosa kweli ukiona kishikio kinazunguka robo nzima au zaidi bila rola kuanza kwenda, gia inayumba ukiigusa kwa kidole, au meno yamelika hadi yamechongoka. Kishikio kinachokuwa kizito na kisha chepesi katika kila mzunguko maana yake fimbo imepinda, mara nyingi kwa sababu gitaa liliangukia kichwa. Ila kabla ya kuhukumu gia inayoyumba, angalia skrubu ndogo iliyo katikati yake. Ikilegea, dalili zake ni zilezile za gia iliyochakaa, na tiba ni bisibisi tu. Kaza hadi ikae, usiendelee, maana ukiibana sana gia husugua bamba na kishikio kinakuwa kigumu.

Ulegevu mdogo unapogeuza mwelekeo ni kawaida hata kwa mashine za bei kubwa. Ndiyo maana wapigaji hutyuni kwa kupanda: ukipitiliza, shusha hadi chini ya sauti unayotaka, kisha panda tena hadi uifikie.

Na kama kinachopukutika ni plastiki ya vishikio pekee, huhitaji seti mpya. Vishikio huuzwa peke yake, na kwenye mashine nyingi hushikwa na skrubu ndogo ya nyuma au huingizwa kwa kubana. Jambo moja la kuangalia hapo: vile vya zamani vya seluloidi vikianza kuoza hutoa mvuke wenye asidi unaokula chuma kilicho karibu. Ukiona bamba limegeuka kijani kuzunguka kishikio kilichopasuka, toa vyote sita hata kama vitatu bado ni vizima.

Vipimo

Cha kwanza ni umbali kati ya rola na rola. Tumia kalipa, kile kipimio chenye taya mbili na mkia wa kupimia kina, si rula. Pima ukingo wa juu wa rola ya kwanza hadi ukingo wa juu wa rola ya tatu, kisha gawa kwa mbili. Ukipata milimita 70, nafasi ni 35, na hicho ndicho kipimo cha seti nyingi za leo. Ukipata 78, nafasi ni 39, kipimo kinachokutwa kwenye baadhi ya magitaa ya zamani ya Ulaya, na Ujerumani bado zinatengenezwa seti zake. Inchi moja na tatu ya nane, inayoandikwa kwenye matangazo ya Marekani, ni milimita 34.9, kwa hiyo inaingia kwenye 35 bila shida.

Umuhimu wake ni kwamba makosa hujumlishana. Nusu milimita kwa kila nafasi inakuwa milimita nzima kwenye rola ya tatu, na tundu halina uhuru wa kiasi hicho. Bamba litaingia ukilisukuma kwa nguvu, ila rola zitakuwa zinasugua mbao upande mmoja na vishikio vitakuwa vigumu hata kabla hujaweka uzi. Mtu akikushauri ulazimishe seti ya 35 kwenye kichwa cha 39 kwa kupanua matundu kwa tupa, mkatalie. Matundu mawili ya pembeni yanapaswa kuhama milimita nne kila moja, na tundu jipya litaingia nusu ndani ya la zamani. Kazi hiyo inataka matundu yazibwe kwa mbao ngumu na yatobolewe upya kwenye drili ya kusimama. Ni rahisi zaidi kutafuta seti ya 39.

Cha pili ni unene wa rola. Za nailoni zina milimita 10, na mafundi hutoboa tundu la 10 hadi 10.3 ili zizunguke bila kubana. Magitaa ya nyuzi za chuma yenye kichwa cha mifereji, kama baadhi ya Martin ya Marekani ambayo shingo hukutana na mwili kwenye freti (ukanda wa chuma wa shingoni) ya 12, yana mihimili myembamba ya chuma ya robo inchi, yaani milimita 6.35. Aina hizi mbili hazibadilishani. Mhimili wa 6 ndani ya tundu la 10 unaning'inia bila mahali pa kuegemea.

Hapa pana tabia moja inayostahili kusemwa, kwa sababu ndiyo inayoua seti nyingi kabla ya wakati: kufunga nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni ili lisikike zaidi. Seti ya nailoni ya mvuto wa kawaida huvuta takriban kilo 39 zikiwa zote sita zimetyuniwa, sawa na kilo 6 na nusu kwa kila rola. Seti nyepesi ya chuma inayoanzia 012, yaani uzi wa kwanza wenye unene wa inchi 0.012, hupita kilo 70. Uzi mwembamba wa chuma huchimba plastiki ya rola kama waya unaokata jibini, gia hulika, na daraja huanza kunyanyuka kutoka kwenye ubao. Kwa gitaa lililopitia hayo, kubadilisha mashine bila kurudisha nailoni ni kununua tatizo lilelile mara ya pili.

Cha tatu, na ndicho kinachosahaulika, ni urefu wa rola kutoka uso wa ndani wa bamba hadi ncha. Ncha huingia kwenye tundu lililo katika ukuta wa kati wa kichwa, ule unaotenganisha mifereji miwili, na humo ndimo inamoegemea. Ikizidi kina cha tundu, bamba halilali ubavuni, na ukilazimisha kwa skrubu linajipinda. Ikiwa fupi mno, haifiki ukutani. Rola inashikwa upande mmoja tu na inapinda taratibu ikivutwa na uzi. Pima kina cha tundu kwa mkia wa kalipa na uache angalau milimita moja ya nafasi. Hakikisha pia kitobo cha kupitishia uzi kinaangukia katikati ya mfereji, si karibu na ukuta.

Unene wa kichwa na mahali pa skrubu huhitaji kutazamwa tu. Bamba lisitokeze nje ya kingo za kichwa. Matundu ya skrubu yasipolingana na ya zamani, hilo linatibika.

Namba ya gia isikuchanganye

Matangazo hupiga kelele kuhusu 14:1, 16:1 na 18:1. Maana yake ni mizunguko ya kishikio kwa mzunguko mmoja wa rola. Piga hesabu uone uzito wake. Rola ya milimita 10 ina mzingo wa 31.4. Kwa 14:1, mzunguko mmoja wa kishikio huvuta uzi milimita 2.24, kwa 16:1 huvuta 1.96. Tofauti ipo na kidole kinaihisi, ila ni ndogo. Mhimili wa milimita 6.35 wenye gia ya 14:1 huvuta 1.42 tu, kwa hiyo mashine ya nyuzi za chuma yenye gia “mbaya” ni tulivu kuliko ya nailoni yenye gia “nzuri”. Kati ya 14 laini na 18 inayokwaruza, chukua 14.

Zisizo na jina

Seti za bei ya chini hutofautiana pakiti kwa pakiti, hata zikifanana kwa sura na zikitoka boksi moja. Kwa hiyo usizihukumu kwa picha. Zipime mkononi, na muuzaji akikataa pakiti kufunguliwa, ondoka.

Beba sumaku ndogo. Ikinata kwenye bamba la rangi ya dhahabu, bamba hilo ni chuma kilichopakwa rangi, si shaba ya njano. Nairobi au Arusha hilo linavumilika. Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam, kwenye hewa ya chumvi, kutu huanzia kwenye skrubu na kingo zilizokatwa, ambako rangi ni nyembamba. Baada ya sumaku, zungusha kila kishikio mizunguko 14 kamili (kama gia ni 14:1) ili rola ifike ilikoanzia. Sehemu nzito inayorudi kila mzunguko wa kishikio ni fimbo iliyopinda. Inayokuja mara moja tu katika mizunguko yote 14 ni gia isiyo na duara kamili au jino bovu. Kisha lishike bamba usawa wa jicho, rola zikikuelekea, uangalie kama zote tatu zimesimama sambamba. Hapo ndipo seti nyingi za bei ya chini huanguka, kwa sababu rola moja iliyolala kidogo haionekani ukiitazama kutoka juu. Maliza kwa kalipa: 70 kutoka ya kwanza hadi ya tatu, kwenye mabamba yote mawili.

Ikipita yote hayo, nunua bila aibu. Itafanya kazi. Kinachobaki kuwa kibovu ni skrubu zake: chuma laini chenye kichwa kinachochubuka bisibisi ikiteleza mara moja. Zitupe, ununue nane nzuri za ukubwa uleule kwa fundi wa mbao.

Gotoh, na zilizo juu yake

Gotoh hutengeneza kuanzia seti rahisi kama 35G420 hadi zenye mabamba yaliyochorwa maua na vishikio vya mpingo. Sababu ya kuipendekeza ile rahisi si ulaini wake, ingawa ni laini. Ni kufanana. Rola ziko sambamba, nafasi ni 35 kweli, na seti ya leo inafanana na ya mwaka ujao. Bamba moja likiharibika baadaye, mpya yake itaingia kwenye matundu yaleyale ya skrubu. Anayefunga anaokoa saa nzima, na kama unamlipa fundi, saa hiyo ina bei.

Ukipanda daraja ndani ya Gotoh hiyohiyo, sehemu kubwa ya bei inakwenda kwenye mapambo na aina ya vishikio. Mpingo ni mzuri na mtulivu mkononi, lakini uzi hautajua. Kuna mvuto wake kwa msomaji wa Tanzania, maana mpingo husafiri kutoka Kusini kwenda kuchongwa ala Ulaya na Asia. Fundi hodari wa kukereza anaweza kukuchongea vishikio sita kwa gharama ndogo kuliko tofauti ya bei hiyo.

Schaller ya Ujerumani, kampuni ya tangu 1945, ni imara na inafaa kwa mwanamuziki anayepiga kila siku na kubadili tyuni jukwaani. Rubner ya Markneukirchen, mji wa mafundi wa ala huko Saxony, inafaa zaidi kwa gitaa la zamani la Ulaya linalotaka kubaki na sura yake. Rodgers na Alessi wa Italia ni kazi ya mkono, na uzuri wake ni wa kweli: kishikio kinazunguka kama kimelowa mafuta, ulegevu karibu hakuna. Kuzifunga kwenye gitaa la mbao za tabaka ni kumvika bwana harusi wa mtu mwingine. Kwa fedha hizo gitaa lingepata mfupa mpya wa ng'ombe uliokatwa vizuri, freti zilizosawazishwa, nyuzi za miaka kadhaa, na chenji ikabaki.

Kufunga

Legeza nyuzi zote kidogokidogo, ya kwanza kisha ya sita, kuelekea katikati. Weka kitambaa kinene nyuma ya daraja kabla ya kuzichomoa, kwa sababu ncha za nyuzi za besi huchana vanishi. Kabla ya kufungua chochote, piga picha ya pande zote mbili za kichwa.

Angalia kwenye picha hiyo fimbo za hesi ziko upande gani wa gia. Kwenye mashine za leo fimbo iko upande wa shingo na gia iko upande wa ncha ya kichwa. Uzi huvuta rola kuelekea shingoni, hivyo huisukuma gia ndani ya hesi na kuibana. Mashine nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1920 zilikuwa kinyume, na uzi ulikuwa ukiivuta gia itoke. Bamba la kushoto na la kulia hayabadilishani. Ukiliweka la kushoto kulia, litaingia bila ubishi, skrubu zitakaa, na umeunda mashine ya miaka mia iliyopita: kishikio kinakaza kwa kuzungusha upande usiouzoea, gia inacheza, na meno yanalika upesi. Kosa hili ni la kawaida mno, hata kwenye magitaa yaliyotoka kwa fundi.

Skrubu za zamani zifungue kwa bisibisi inayojaa kichwa sawasawa. Iliyogoma usipigane nayo. Igusishe ncha ya chuma cha moto cha fundi redio kwa nusu dakika, iache ipoe, kisha jaribu tena. Ikikatikia ndani, acha kuichokoa kwa msumari. Chukua bomba dogo la chuma la milimita 4, lichonge meno kwa tupa, toboa kuizunguka, ng'oa kipande kizima, kisha ziba kwa kijiti cha mbao ngumu na gundi nyeupe ya seremala.

Sasa ingiza mabamba mapya bila skrubu. Yanapaswa kulala kwa msukumo wa vidole, na kila kishikio kizunguke kama kilivyozunguka kikiwa mkononi. Huu ndio mtihani halisi wa kazi nzima. Kikiwa kizito, rola inagusa mahali. Paka rola risasi ya penseli, rudisha bamba, zungusha, toa, uangalie alama ndani ya tundu. Punguza hapo tu, kwa msasa wa namba 120 uliozungushiwa kijiti cha milimita 8. Usitumie biti ya 10 kwenye drili ya mkono. Hukamata ukuta wa tundu ghafla na kubandua ubao mwembamba wa juu.

Jaribu pia ubavu wa kichwa kwa rula ya chuma. Ukiona mwanga katikati, ubavu una bonde, na bamba litajipinda kulifuata pale utakapokaza. Ndiyo maana mashine inayozunguka vizuri bila skrubu hugoma baada ya skrubu. Msasa uliobandikwa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka huondoa tatizo hilo. Kama vanishi ya ubavuni ni ya thamani, weka kipande cha karatasi ngumu chini ya bamba mahali penye bonde.

Matundu ya skrubu yakilingana, endelea. Yakipishana kidogo, yazibe yote manane kwa vijiti vya kuchokolea meno vilivyopakwa gundi, acha hadi kesho yake, kata vilivyochomoza. Kutumia nusu ya tundu la zamani ni kosa, maana skrubu itateleza kuelekea huko na kulihamisha bamba. Weka alama kwa sindano nene kupitia bamba lenyewe, katikati kabisa ya kila tundu. Toboa kwa biti ya 1.6 kama mbao ni laini kama mkangazi au mwerezi, 1.8 hadi 2 kama ni ngumu, kwa skrubu ya 2.5. Zungushia biti selotepu ya karatasi kuonyesha kina, maana ukipita hapo utatokeza kwenye mfereji. Pitisha kwanza skrubu ya chuma ili ichonge hesi, itoe, kisha ingiza ya shaba iliyosuguliwa kwenye mshumaa. Shaba ikilazimishwa kwenye mbao kavu hukatika shingo.

Kaza skrubu mbili za mwisho, halafu za kati, zote nusunusu, ukizungusha vishikio kila baada ya hatua. Kishikio kikianza kuwa kizito kwenye skrubu fulani, umeipata sehemu yenye bonde au skrubu uliyoizidisha. Legeza robo mzunguko.

Nyuzi zipite juu ya rola, upande wa mbele ya gitaa, na zielekezwe zifike kwenye kijia cha mfupa zikiwa zimenyooka kadiri inavyowezekana bila kusugua ukuta wa mfereji. Mizunguko miwili au mitatu inatosha kwa besi. Za nailoni tupu zinataka mitatu au minne, na ncha ipitishwe chini ya uzi wake wenyewe ili ijibane. Mizunguko kumi hujaza mfereji, uzi hupanda juu ya mwingine, na tyuni inakuwa ya kubahatisha tena.

Baada ya wiki moja nyuzi zikishatulia, rudi na bisibisi. Skrubu za bamba na za katikati ya gia hulegea kidogo mbao zikizoea mvuto mpya. Kwenye meno ya gia weka tone moja la mafuta mepesi ya cherehani kwa ncha ya kijiti, zungusha, futa yanayobaki. Yasiguse mbao, na yasiingie kwenye rola. Pwani fanya hivyo kila baada ya miezi mitatu na ufute mabamba kwa kitambaa kikavu. Bara, mara mbili kwa mwaka yatosha. Seti ya zamani isitupwe kama gitaa ni la jina: ifunge kwenye mfuko pamoja na skrubu zake nane, kwa kuwa mnunuzi wa baadaye atauliza.